Pindo la Mkono

Mteja wa kanzu ya kanisa la Legio Maria akifika kibarazani kwangu hapa Migori, kwanza namwomba avue viatu. Kanisani atasimama miguu mitupu, na ukimpima akiwa na soli, kanzu itafagia sakafu. Safari za Got Kwer, alikozikwa kiongozi wa kanisa hilo, Simeo Ondeto, mwaka 1991, zikikaribia, kamba yangu hujaa kanzu nyekundu, buluu, kijani na nyeupe. Mishono ya ubavuni na mikono nimeshapiga kwa cherehani. Pindo linangoja sindano.

Aliyenifundisha ni mama mkubwa, nyumbani Homa Bay, na alikuwa mkali. Uzi, alisema, usizidi ncha ya kidole hadi kiwiko. Uzi mrefu ni wa mvivu na hujifunga mafundo. Unakunja mara mbili, unapiga pasi, ndipo unashona kwa ndani: sindano ipite kwenye ukingo wa mkunjo, ichote uzi mmoja au nyuzi mbili tu za kitambaa cha nje, irudi. Kila upana wa kiganja, rudia mshono papo hapo mara mbili, ili uzi ukikatika pasifumuke pote. Na usivute. Mimi nilivuta. Nilidhani kukaza ndiko kudumu, na pindo la kwanza nililomkabidhi lilijikunyata kama omena juani. Alilifumua lote mbele yangu, kimya.

Mafundi wenzangu hunicheka: dakika tatu za cherehani, mimi nusu saa. Wana haki, na sare za shule za Januari nami nazipiga kwa mashine, nani ana muda? Ila kanzu ya mtoto naiachia pindo la vidole vinne, maana mtoto hukua na kitambaa ni ghali. Mashine hutoboa mstari mzima. Ukiufumua, matundu yanabaki. Uzi wa mkono naukata hapa na pale, unatoka wenyewe.

Juzi mama mmoja wa Rongo aliniletea kanzu ya buluu ya bintiye niiteremshe. Ndani ya mkunjo rangi ilikuwa bado kali. Nje jua lilikuwa limeshaila. Nikamwambia mstari wa mkunjo hautafichika, hata kwa pasi.

"Wacha tu, fundi. Waone amekua."