Kompyuta Iliyoganda

Kompyuta haifi kama mshumaa uzimwavyo na upepo. Aghalabu huanza kwa kuganda. Kishale husimama katikati ya kioo, herufi zilizopigwa hazitokei, saa ya pembeni hubaki pale pale, na mwenye chombo hukaa mbele yake asijue kama angoje kidogo au amekwisha pata hasara. Hali hii ni kama homa. Homa humpata mtu kwa malaria, kwa jeraha lililoingia uchafu, na kwa sababu nyingine chungu nzima. Tabibu aitibuye bila ya kuuliza imetoka wapi ni wa kuogopwa kuliko homa yenyewe.

Dar es Salaam kuna dawa moja iliyozoewa mno. Mafundi huiita kupiga Windows, yaani kuufuta mfumo wote wa kompyuta na kuuweka upya. Mahali pake dawa hii ni njema, kwa mfano mfumo ulioharibiwa na virusi. Walakini haiondoi vumbi katika feni wala haiponyi diski inayokufa, na ikitolewa kwa haraka hufuta kila kilichoandikwa. Mwenye mali hurudishiwa chombo kisafi, kitupu kama nyumba iliyohamwa.

Dawa hiyo nusura impate mtafiti mmoja kijana, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Alikuwa amerudi kutoka Pemba na sauti za wazee alizorekodi kwa miezi kadha. Kinasa sauti chake kilikuwa kidogo, na kila kilipojaa alihamishia sauti katika kompyuta yake mpakato, kisha akakifuta ili apate nafasi. Nakala ya pili haikuwapo. Wazee wawili walifariki kabla hajamaliza kuyanukuu maneno yao, na kompyuta ikaanza kuganda.

Fundi wa kwanza aliitazama muda wa kuvuta pumzi mbili. "Dada, hii tunapiga Windows, kesho unachukua."

"Na vilivyomo ndani?"

"Tutajitahidi."

Neno hilo lilimtosha. Aliifunga mashine yake akaondoka nayo.

Fundi wa pili, mtu mzima, hakutaka hata kuifungua. "Binti yangu, nenda kaandike," alimwambia. "Ikiganda, ulikuwa ukifanya nini? Kishale kinakwenda au kimesimama? Taa ya Caps Lock inatii ukiibonyeza? Unasikia nini?"

Maswali haya si madogo. Taa ile ikiwaka na kuzimika kwa amri, kiini cha mfumo kingali hai, na yamkini ni programu moja tu iliyokwama. Vitufe Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha la kuonyesha nani anakula nini. Taa isipotii wala kishale kisiende, mashine nzima imeshikwa. Kuganda kunakokuja baada ya nusu saa ya kazi, feni ikivuma na tumbo la mashine likichoma mapaja, ni kwa joto. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zimewekewa mpaka wa karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikiufikia hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Mto wa kitandani uliozuia tundu za hewa hutosha kuleta msiba huo. Kuganda kunakokuja kurasa nyingi za intaneti zikiwa wazi hutokana na kumbukumbu iliyojaa: mfumo hulazimika kuazima nafasi katika diski, na diski izungukayo ni nzito kuliko kumbukumbu kwa kiasi cha mara 100,000.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kompyuta, kwa akili yake yote inayosifiwa, isiseme yenyewe kama imekwama au ina kazi. Windows hujaribu: programu isiyochukua ujumbe wake kwa sekunde 5 hutangazwa kuwa haijibu. Lakini huko ni kukisia. Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba haiwezekani kupatikana njia moja ya kuamua, kwa kila programu, kama itafika mwisho wa kazi yake au itazunguka milele. Basi kungoja dakika chache kabla ya kuizima mashine kwa nguvu si uzembe, hasa kama taa ya diski ingali ikimetameta.

Karatasi ya binti ilijaa kwa siku mbili. Kishale kilikwenda, taa ilitii, joto halikuwapo. Lakini kila alipolifungua jalada la sauti za Pemba kila kitu kilisimama, na ndani kukasikika mgoto mdogo, kama ukucha juu ya bati. Mzee alipoisoma alisema neno moja: diski.

Hapo hofu yake ilikuwa na msingi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa habari za diski zaidi ya 100,000 walizozichunguza. Diski iliyoonyesha kosa la kwanza la usomaji ilikuwa na hatari mara 39 zaidi ya kufa katika siku 60 zilizofuata kuliko isiyoonyesha. Tena, zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne zilizo kubwa. Diski iliyo kimya haina ahadi yoyote.

Mzee hakuruhusu programu ya kurekebisha makosa iendeshwe. Programu hiyo huitembeza diski mgonjwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na yaweza kuimaliza njiani. Aliitoa, akaiunga na kompyuta nyingine, akaanza kunakili kwa mpango alioutaka binti: kwanza wale wazee wawili, kisha walio hai, mwisho picha na barua. Kazi ilikwenda usiku kucha, ikisimama na kuendelea. Asubuhi diski haikuonekana tena katika kompyuta yoyote.

Picha nyingi zilipotea. Wazee wawili walipatikana wote, ila dakika 11 za mmoja wao, bibi wa Micheweni, zinazosikika kama mvua juu ya mabati. Mashine ilitiwa diski ya SSD na haijaganda tena. Ile ya zamani fundi aliiomba kwa ajili ya vipuri, naye binti akakataa kumpa.