Wanawake wa Nonell

Barcelona, Jumanne, 4 Februari 2025

Leo nimeshinda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Catalonia, kule kilimani Montjuïc, mbele ya mwanamke mmoja wa Kiroma, yaani Jipsi. Picha inaitwa La Paloma. Isidre Nonell aliichora kwa rangi za mafuta mwaka 1904. Mwanamke ameinamisha uso, nywele nyeusi. Nilisogea karibu mpaka mlinzi akanitupia jicho. Kwa karibu hivyo mwili unapotea, zinabaki rangi za giza zilizolaliana, kila mpigo wa brashi ukionyesha ulipoanzia na ulipokomea. Ukirudi nyuma kidogo, mipigo ile ile inageuka uzito wa mtu aliyechoka.

Alhamisi, 6 Februari

Wachoraji wengi wa Ulaya walizoea kuwachora wanawake wa Kiroma wakiwa wanacheza, tari mkononi, au wanapiga ramli. Nonell, mtoto wa mwenye kiwanda kidogo cha tambi hapa Barcelona, alianza kuwachora kwa wingi mwaka 1901, akawaacha waketi tu. Hawachezi, hawatabiri. Baadhi yao wametupa kisogo kabisa. Alipowaonyesha katika ukumbi wa Sala Parés, mwaka 1902 na tena 1903, watazamaji walikunja nyuso. Mimi naona hapo ndipo heshima yake ilipo: hakuwataka wamfurahishe mtu.

Jumapili, 9 Februari

Huzuni ya picha hizi nisiichukulie kuwa ndiyo hulka ya Waroma. Ina chanzo. Walifika Uhispania karne ya 15. Mwaka 1499 Malkia Isabel na Mfalme Fernando waliwaamuru watulie mahali pamoja na wapate mabwana wa kuwatumikia, la sivyo wafukuzwe. Julai 1749, chini ya Mfalme Fernando VI, maelfu walikamatwa kwa mpigo mmoja: wanaume wakapelekwa kazi ya shuruti kwenye karakana za jeshi la majini, wanawake na watoto wadogo wakafungiwa mbali nao. Kuwatenga mume na mke namna ile kulikusudiwa kukata kizazi. Hakikukatika. Wanawake waliokaa mbele ya Nonell ni ushahidi.

Jumanne, 11 Februari

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nonell alipata yake, ingawa kwa kuchelewa: maonyesho ya mwaka 1910 katika ukumbi wa Faianç Català, yenye picha zaidi ya 100, yalimletea sifa. Februari 1911 homa ya matumbo ikamwua, akiwa na miaka 38. Leo anatajwa pia kwa sababu ya Picasso, aliyetumia studio yake Paris mwaka 1900. Wanawake wake wanatajwa kwa jina moja moja tu: Dolores, Consuelo, Paloma.

Nimeshakata shauri. Wanafunzi wangu nitawaonyesha picha hii, lakini somo litaanzia 1749. Wakishajua yaliyowapata bibi zake Paloma, ndipo tutazungumzia rangi.