Mota ilipokata pale Fire

Nimekuwa kimya siku kadhaa, na safari hii sisingizii kazi. Kuna jambo la nyumbani limenikaa kichwani wiki nzima, nikaona bora niliandike, huenda nikilisoma mwenyewe nitalielewa.

Mdogo wangu kanipigia simu. "Shikamoo kaka. Naomba ile baiskeli yako ya umeme." Amepata kibarua Kariakoo, duka moja la vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, kazi yake ni kupeleka mizigo midogo kwa wateja walioko maofisini Posta. Pikipiki hana, pesa ya mafuta ya kila siku hana. Baiskeli yangu anaiona imeegemea ukuta tu siku ninazopanda daladala. Kwa nini nisimpe?

Nikamjibu, "Subiri kwanza." Akanyamaza. Najua alichofikiri, kwamba kaka kawa mchoyo. Kumbe mimi nilikuwa nawaza makutano ya Fire, na jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote pale nyumbani, Mama akiwa wa kwanza.

Niliinunua baiskeli hii kwa pesa ya kujinyima. Nakaa Magomeni, ofisi iko Posta, na mwandishi anayechelewa kwenye mkutano wa saa tatu hana habari ya kuandika. Mwanzoni nilikuwa kama mtoto aliyepewa toy ya Krismasi. Naivuta eksileta, inanichukua kimya kimya kandokando ya magari yaliyosimama, jasho hakuna, shati limenyooka. Betri yake ni ya volti 48 na ampea-saa 12. Ukizidisha unapata wati-saa 576, yaani kuijaza kabisa kunakula kama robo tatu hivi ya uniti moja ya Luku, ukihesabu na umeme unaopotea kwenye chaja. Hesabu hiyo nilimwimbia kila mtu, mpaka washikaji ofisini wakanibatiza jina la Tanesco.

Basi siku yenyewe ilikuwa hivi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na anayelijua bonde la Msimbazi anajua Jangwani inakuwaje ikinyesha. Barabara ilikuwa imefunguliwa tena asubuhi ile, lakini maji yalikuwa bado yamebaki. Jana yake nilikuwa nimepita kwenye dimbwi lililofika katikati ya gurudumu. Baiskeli ikapita bila shida, nikajisifu. Siku iliyofuata nilikuwa na mtu wa kumhoji Kariakoo, kwa hiyo nilipofika Fire nikataka kukata kulia niingie Mtaa wa Msimbazi.

Mnaopajua pale mtanielewa. Ukikata kulia kutoka Barabara ya Morogoro unavuka njia za mwendokasi zilizo katikati, halafu unavuka magari yanayotoka mjini. Taa ilikuwa inakaribia kubadilika. Mtu mwenye akili timamu angesimama. Mimi nikapiga hesabu kwa kutumia mota, nikijua nikivuta eksileta nitakuwa ng'ambo ndani ya sekunde nne. Nikavuta.

Mota ikatetemeka kama gari lenye plagi mbovu, ikatoa sauti ya kusaga kokoto, ikakata. Nikasimama katikati ya njia ya mwendokasi.

Basi lilikuwa linakuja kutoka upande wa mjini. Nasikia honi, nasikia breki, na mimi bado naizungusha eksileta kama mwendawazimu, eti labda itawaka. Bodaboda mmoja aliyekuwa pembeni akapiga kelele, "Wewe! Si una pedeli?" Na ni kweli nilikuwa nazo! Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimepanda baiskeli. Nikakanyaga, pedeli haikwenda. Gia ilikuwa ile nzito kuliko zote, maana mtu anayeendeshwa na mota habadilishi gia, na chini yangu kulikuwa na chuma cha kilo karibu thelathini. Nikaruka, nikaiburuta. Basi likasimama hatua chache kutoka nilipokuwa. Abiria waliosimama ndani walikuwa wameangukiana. Dereva hakunitukana. Alinitazama tu, na ningependa angetukana.

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara mpaka magoti yakaacha kucheza. Nikamwambia mtu wa mahojiano kwamba nimepata dharura. Kisha nikaikokota ile baiskeli mpaka Gerezani kwa fundi, njiani namtukana Mchina aliyeitengeneza.

Fundi ni mtu mzima, kanaswa mno na mambo ya mota za mashine za kufulia na feni kabla baiskeli hizi hazijaingia. Nikamwambia, "Mzee, mota imekufa." Hata hakuitazama mota. Akauliza, "Umepita kwenye maji?" Nikajibu ndiyo. Akacheka kidogo.

Akanionyesha kitu ambacho nimekaa nacho tangu siku ile. Mota ya namna hii imefichwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko bibi zetu. Mmarekani aitwaye Ogden Bolton alipata hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma mwaka 1895. Ila mota ya Bolton ilikuwa na brashi, vile vipande vinavyosuguana na kulika. Mota za siku hizi hazina brashi. Kuna sumaku zinazozunguka, kuna waya za shaba zilizosukwa ambazo zimetulia, na kati yao hakuna kinachogusana. Ndani kuna beringi, na kwa aina yangu kuna gia ndogo za nailoni za kupunguza kasi na kuongeza nguvu. Basi. Hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna kabureta.

"Sasa kitu hakigusani, kitakufaje?" akaniuliza. Kitakufa kwa joto, au kwa maji, au kwa waya.

Joto nalielewa sasa. Watu tunadhani mota inateseka ikikimbia. Kumbe inateseka zaidi ikitambaa na mzigo. Nguvu ya kusukuma inategemea umeme unaopita kwenye waya, na umeme ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya zile zile linaongezeka mara nne. Kwa hiyo mchana wa Kariakoo, umebeba boksi, unasogea mita mbili unasimama, unasogea tena, kila unapoondoka unaipa mota kazi nzito kuliko kukimbia Barabara ya Morogoro saa nzima. Ndiyo maana fundi anasema ukiondoka anza na miguu, mota ije ikusaidie. Usiiache ikuinue peke yake kama mkokoteni.

Maji ndiyo yaliyonifikisha mimi kwa huyu mzee. Nyaya za mota zinatokea kwenye ekseli, kupitia kitundu. Kati ya nyaya hizo tatu ni nene, za kupeleka umeme, na nyingine ni nyembamba, za vihisi ambavyo mafundi wanaviita sensa. Sensa ziko tatu, ndogo kama punje ya mchele, kazi yake ni kuiambia kontrola sumaku ziko wapi ili ijue waya upi uwashwe sasa. Sensa moja ikidanganya, kontrola inawasha waya usio wake, mota inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, inakata.

Akachukua mita yake, akapima umeme unaokwenda kwenye sensa, volti 5, upo. Akaanza kulizungusha gurudumu taratibu kwa mkono huku akigusa waya mmoja mmoja. Waya wa kwanza mita ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ukatulia palepale. Akafungua soketi ya nyaya, na ndani kulikuwa na ukungu wa kijani, ile kutu ya shaba. Maji ya Jangwani yalikuwa yameteleza juu ya waya mpaka kwenye soketi, yakakaa humo usiku kucha. Mota yenyewe alipoifungua ilikuwa kavu na nzima, gia zake hazina hata jino lililolika.

Tatizo lote lilikuwa kitu kidogo kuliko ukucha wangu.

Akakata soketi, akalehemu waya, akavika mipira ya kubana kwa moto, akaziba kitundu cha ekseli kwa silikoni. Halafu akaupinda waya ukashuka chini kwanza kabla ya kupanda, ili maji yakija yadondokee pale kwenye kona yasipande. Kitu kidogo namna hiyo! Akakaza na nati za ekseli, akaniambia nizikague kila wiki, kwa sababu mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inasukumwa kurudi nyuma, na ikizunguka ndani ya fremu inazinyonga nyaya zote. Akagonga spoki moja moja kwa kidole kama mtu anayepima ngoma, mbili zilikuwa zimelegea.

Wakati nalipa, nikamuuliza swali la mwisho. "Mzee, sasa naweza kuiamini?"

Akasema, "Mota uiamini. Ila usiikopeshe maisha yako."

Nimeutafakari sana msemo ule. Ukweli ni kwamba pale Fire sensa haikuwa na kosa kubwa kuliko langu. Kila chombo kitakata siku moja. Bodaboda hukata, daladala hukata, hata basi la mwendokasi tumelishuka mara ngapi tukamalizia kwa miguu? Kosa langu lilikuwa kuchukua nafasi ambayo miguu yangu isingeweza kuivuka. Niliihesabu mota kama kitu ambacho lazima kiwepo. Mwendesha baiskeli wa kawaida, yule muuza maziwa wa zamani, asingeingia pale kwa sababu mwili wake ungemwambia haiwezekani. Mimi mwili wangu ulikuwa umenyamazishwa.

Na si hilo tu. Mota hii ukimya wake, ambao ndio nilioupenda, Kariakoo ni hatari. Mtaa wa Congo watu wanatembea katikati ya barabara kwa sababu pembeni kuna meza za biashara, na hawatazami nyuma, wanasikiliza. Wamezoea kusikia pikipiki, wamezoea mtu wa mkokoteni anayepiga mluzi, wamezoea guta linalogongagonga. Mimi nakuja na mwendo wa pikipiki na sauti ya paka. Siku moja mama mmoja mwenye beseni kichwani aligeuka akanikuta begani kwake, beseni likaanguka, tukaokota nyanya pamoja huku naomba msamaha. Alisema neno moja tu, "Mwanangu, ungekohoa."

Njia ya kutukinga ingekuwepo, tungekuwa tunazungumza mengine. Mwendokasi ulipoanza kubeba abiria mwezi Mei 2016, mradi ule ulikuja na njia za baiskeli kando ya sehemu ya Barabara ya Morogoro, na jiji letu likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Nilifurahi kama Mdar es Salaam. Lakini pita leo na baiskeli uone unavyogawana njia hizo na bodaboda wanaokwepa foleni, magari yaliyoegeshwa na meza za matunda. Ukifika Kariakoo hata njia ya kugombania hakuna. Wenzetu Rwanda kuanzia Januari 2025 wameacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria jijini Kigali, zinazoingia ni za umeme. Huku kwetu mota za umeme nazo zinakuja, tupende tusipende, kwa sababu hesabu ya mafuta inamsukuma kila mtu. Watakaozipanda kwanza ni vijana kama mdogo wangu, wenye haraka, wanaolipwa kwa kila mzigo uliofika.

Ndiyo maana nilimwambia asubiri.

Jumapili nikamwita. Nikamsimulia habari ya Fire kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata lile la kusahau pedeli. Alidhani namtania. Kisha nikampa baiskeli, betri nikabaki nayo. Nikamwambia wiki ya kwanza unakwenda Kariakoo na kurudi kwa miguu yako, gia unabadilisha kabla ya kusimama, kengele unapiga ukiwa bado mbali. Makutano yoyote ambayo huwezi kuyavuka bila mota, shuka ukokote. Kariakoo hakuna anayekucheka ukikokota, nusu ya mji unakokota kitu.

Alinuna, lakini akaichukua.

Jana usiku kanipigia. "Kaka, miguu inauma balaa." Nikamuuliza Fire anavukaje. Akasema anasubiri taa, hata mbili, halafu watu wa nyuma wanamtukana.

Nikamwambia Jumatatu aje achukue betri.