Simulizi za nesi, sehemu ya 9: "Damu yako nzuri, baba"

Leo naandika kosa langu mwenyewe. Mambo ya mgonjwa nimeyabadili kidogo asitambulike.

Baba huyu ni dereva wa daladala. Alikuja kliniki bandama imevimba hadi kitovuni, seli nyeupe za damu zimepanda kupita kiasi. Saratani ya damu, aina ya CML. Akaanzishiwa imatinibu, kila siku. Baada ya miezi mitatu tumbo limeshuka, hesabu ya seli iko kawaida. Nikamwambia, "Damu yako nzuri, baba. Hongera!"

Kumbe hesabu ile inaona seli, haioni kinachoziamrisha. Kwenye CML, vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana nafasi. Jeni mbili zinaungana kuwa moja, BCR-ABL, inayoamuru seli zizaliane bila breki. Nakala zake za RNA ndizo tunazipima kwenye damu, kwa mashine ya GeneXpert, hiyohiyo mnayoijua kwa makohozi ya TB. Jibu linakuja kwa asilimia: miezi 3 isizidi 10, na ikifika mwaka tunataka 0.1 au pungufu.

Yake ilianza vizuri: 6, halafu 0.8. Mwaka ulipotimia ikasoma 9. Na hesabu ya seli bado kawaida kabisa!

Daktari akasema, ama ugonjwa umekuwa sugu, ama dawa hamezi. Nikamvuta pembeni.

"Sista, si ulisema damu nzuri? Misuli inakaza usiku, macho yanavimba. Nikaona nipumzike kidogo. Nameza siku mojamoja."

Nilikosa la kusema. Maneno yangu ndo yalimpumzisha.

Hatukumgombeza. Daktari alishughulikia yale maudhi ya dawa, baba akarudi kumeza kila siku. Kipimo kilichofuata: 1.1. Bado tuko njiani.

Siku hizi sisemi "damu nzuri". Namwonyesha mgonjwa namba yake, namwambia, "Dawa imeishika. Ukiiachia, itaamka kabla hujajisikia kuumwa."

Kama wewe au ndugu yako mnatumia dawa hizi, msiache wenyewe kwa sababu tu mmepata nafuu. Muulizeni daktari: kipimo cha BCR-ABL ni lini?

Tukutane sehemu ya 10, Mungu akipenda.