Siku Tatu za Mgeni Venezia

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Mkubwa mmoja wa Mji Mkongwe wa Unguja, mwalimu mstaafu, aliikumbuka methali hiyo alipoteremka garimoshi katika stesheni ya Santa Lucia, jioni ya mwezi wa Oktoba, akifuatana na bintiye afanyaye kazi Ujerumani. Siku zao Venezia zilikuwa tatu tu. Binti alikusudia kumstarehesha mama yake: watembee, waone ya kuonwa, wale vyakula vya Kitaliani, kisha warejee. Lakini mkobani mwa mama mlikuwa na barua ya mtu atakaye kuinunua nyumba yao ya urithi aigeuze hoteli, na jibu lilitakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Atokaye stesheni ile haoni barabara, huona maji. Mjini mle hamna motokaa wala pikipiki. Taka huchukuliwa kwa mashua, matofali huletwa kwa mashua, na mgonjwa hukimbizwa hospitali kwa mashua. Nchi kavu ni mahamali na mikokoteni yao, na vichochoro ambamo watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kujibana ukutani. Binti alihangaika na ramani. Mama alitangulia mbele bila ya wasiwasi, kwani aliyekulia Mji Mkongwe hatishwi na uchochoro. Hujua kwamba mwishowe utamtoa ama uwanjani ama baharini.

Siku ya kwanza walikwenda uwanja wa San Marco. Mnara wa kengele uliosimama pale hauna umri unaodhaniwa. Ule wa kale uliporomoka wote asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902, na kwa bahati njema hakufa mtu. Wenyeji waliazimia kuujenga upya pale pale ulipokuwa na vile vile ulivyokuwa, na mwaka 1912 wakaufungua. Bi Mkubwa aliutazama kwa muda mrefu. Fikira zake zilikuwa Forodhani, kwenye Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo upande wake ulianguka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Venezia na wangwa wake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Mji Mkongwe ukafuatia mwaka 2000. Miji miwili ya chumvi na chokaa, yote miwili ikililiwa na maji na kupigwa picha.

Kwa mtu wa pwani, mambo ya mji ule si mageni yote. Kando ya mfereji mkuu lipo jumba lililotumiwa na wafanyabiashara wa dola ya Uthmaniya tangu mwaka 1621 hadi 1838. Mlikuwamo maghala, vyumba vya kulala na mahali pa kusalia. Wenyeji huliita Fondaco dei Turchi, na neno hilo fondaco asili yake ni funduk ya Kiarabu. Hata Arsenale, karakana kubwa ya merikebu zao, ilipata jina lake kutokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya nyumba ya kazi. Utajiri wa Venezia ulitokana kwa sehemu kubwa na pilipili manga na viungo vilivyopitia Misri na Sham. Vasco da Gama alipozipita Mombasa na Malindi mwaka 1498 akiielekea Bara Hindi, aliifungulia Lisbon njia ya viungo hivyo. Safari moja iliwaletea watu wa pwani mizinga, na ikawatia Wavenezia hofu ya soko lao.

Siku ya pili, mapema, walikwenda soko la samaki la Rialto. Ukutani pamebandikwa bamba la marumaru lililochongwa majina ya samaki na urefu ambao kila mmoja asiuzwe kabla ya kuufikia. Bi Mkubwa alilifurahia bamba lile kuliko kanisa na dhahabu yake. Alisema kwamba watu walioandika juu ya jiwe ukubwa wa dagaa walikuwa wakiwafikiria wajukuu.

Adhuhuri waliingia mkahawa mdogo wa mtaa wa Cannaregio, ambamo mama mmoja wa makamo alikuwa mpishi na mwenye duka pia. Binti aliuliza kama chakula kimetiwa mvinyo au nguruwe. Yule mama akawaonesha kisichotiwa, na wali akakubali kuwapikia kwa supu ya samaki peke yake. Kwanza uliletwa mlo uitwao sarde in saor: dagaa papa waliokaangwa, wakafunikwa kwa vitunguu vilivyopikwa polepole katika siki, pamoja na zabibu kavu na mbegu za msonobari, kisha wakaachwa walale. Ni chakula cha mabaharia, kilichobuniwa ili samaki asioze safarini, kama ng'onda kwa watu wa visiwani. Zikafuata tambi nene zilizochanganywa na vitunguu na samaki wa chumvi. Bi Mkubwa, aliyezoea tambi za sukari, tui na iliki, alizionja kwa hadhari, kisha akazimaliza. Mwisho ukaja wali mweusi kwa wino wa ngisi.

"Huu si wali, mwanangu," alisema. "Haya ni mashendea. Lakini mashendea ya mtu anayejua."

Mwenye mkahawa, alipoulizwa anakoishi, alionesha kwa mkono ng'ambo ya maji, kuelekea bara. Kila alfajiri huja mjini kwa garimoshi, na usiku hurejea. Nyumba ya wazazi wake, mita chache kutoka pale, hulala wageni wa siku mbili tatu.

Siku ya tatu, karibu na daraja la Rialto, walipita mbele ya duka la dawa. Dirishani mna kibao chenye tarakimu za taa, kilichowekwa mwaka 2008, kinachoonesha idadi ya wakaazi waliosalia katika mji wa kale. Mwaka 1951 walikuwa wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Tangu mwaka 2024, katika baadhi ya siku, mgeni ajaye kushinda tu hutozwa kiingilio, mfano wa mtu aingiaye jumba la makumbusho. Kuta zimetunzwa, mnara umesimamishwa upya. Wanaokosekana ni wapishi wa chakula cha usiku.

Bi Mkubwa aliitoa ile barua, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sitaiuza," alisema.

Binti akafurahi, akaanza kusema kuwa fedha si kitu na urithi ni urithi. Mama akamkatiza kwa upole.

"Usinipongeze. Nyumba nisiyoiuza na isiyo na mtu, paa lake litaanguka vile vile. Kama Unguja tungekuwa na kibao hiki, wewe ungehesabiwa wapi?"

Binti hakujibu. Ukimya ule haukuwa wa utovu wa adabu, bali wa mtu aliyeulizwa swali alilolikimbia kwa miaka mingi. Walirejea stesheni kwa mashua ya abiria, wakizitazama nyumba za mfereji mkuu zikipita, nyingi madirisha yake yakiwa giza ilhali magharibi imeshaingia.

Ndani ya garimoshi, lilipokuwa juu ya daraja la bara, binti ndiye aliyeanza kusema.

"Mama, wale samaki wa siki, dagaa wa kwetu watafaa?"

"Watafaa," alijibu mama. "Ila hawapikwi na kuliwa papo hapo. Mpishi lazima alale pale pale, awangojee mpaka kesho."