Yule Ndivyo Alivyo

Katika kila mchezo yupo mtu mmoja ambaye hadithi haimhusu sana. Ni baba mkwe, au mlinzi wa getini, au mzee mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Vijana wawili ndio wanaopendana, na picha zao ndizo zinazowekwa kubwa juu ya kasha la mkanda. Lakini muulize mtazamaji baada ya wiki moja anakumbuka nini: atasimama akuigizie yule mzee.

Kwetu Tanzania, kwa miaka mingi mzee huyo alikuwa Amri Athumani, maarufu kwa jina la King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza jukwaani mwaka 1958 akiwa bado mtoto, na akafariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni miaka 60 katika kazi moja. Na jina lenyewe lilikuwa kichekesho tosha, mtu kuwa mfalme, tena mfalme wa majuto!

Huku Kurui tulimfahamu katika banda la video. Banda la makuti, jenereta likinguruma nje, televisheni moja juu ya meza, na kijana mlangoni akikusanya kiingilio. Bibi yangu hakuwa na habari na wapenzi wa kwenye filamu. Mwanamke akilia kwa ajili ya mchumba, yeye alisinzia. Alikuja kwa ajili ya Majuto tu. Akitokea, bibi alikaa sawasawa na kusema, "Mtani wangu huyo!"

Sisi Wazaramo tunajua uzito wa neno hilo. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufika msibani watu wakilia, akamwiga marehemu alivyotembea na alivyokuwa mchoyo wa chumvi, hata wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Majuto alicheza hivyo hivyo. Uchoyo, ubishi, tamaa ya mzee kwa binti mdogo, vyote alivibeba yeye mwilini mwake ili sisi tuvicheke kwa mtu mwingine.

Siku moja nilimwambia bibi kwamba yule mzee anaigiza, na nyumbani kwake huenda ni mtu mpole kabisa.

"Anaigiza nini, mume wangu?" akanijibu. "Yule ndivyo alivyo."

Sijui kama mwigizaji anaweza kupewa sifa kubwa kuliko hiyo. Lakini nimeifikiria sana, na naona ndani yake mna dhuluma. Ukishaamini kwamba mtu haigizi, bali amejileta tu kama alivyo, utaona sababu gani ya kumlipa kama fundi?

Na ule ulikuwa ufundi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo waigizaji wa kizazi chake walifunzwa na jukwaa. Vikundi kama Muungano vilitoa onyesho refu katika kumbi za starehe: ngoma, sarakasi, taarabu, na katikati yake vichekesho na maigizo. Mara nyingi hapakuwa na maandishi. Watu walikubaliana kisa, wakapanda, maneno wakayatunga pale pale mbele ya watu wanaokunywa na kuzungumza. Humo ndimo mtu alimojifunza kunyamaza. Mtazame Majuto anapoambiwa jambo lisilompendeza: hajibu upesi. Anamtazama msemaji, anageuza shingo, anaacha kimya kirefu kuliko tunavyoweza kuvumilia, na kicheko kinatutoka kabla hajafumbua mdomo. Mtu hazaliwi na kimya kile.

Filamu za video zilipoenea miaka ya 2000, ufundi huo uliingia sokoni. Desturi ilikuwa msanii kulipwa mara moja, kisha mkanda ukauzwa, ukakodishwa, ukaonyeshwa mabandani kama letu. Wamarekani nao walikuwa na ugomvi huo huo. Wao waigizaji wa nafasi za kando waliwawekea tuzo yao ya Oscar tangu filamu za mwaka 1936, na Walter Brennan, aliyecheza wazee akiwa bado hajazeeka, aliipata mara tatu. Lakini malipo ya filamu kurudiwa kwenye televisheni waigizaji wa sinema waliyapata kwa mgomo wa mwaka 1960. Tuzo haikuwaletea.

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, nayo inamtambua mwigizaji. Hata hivyo, ilikuwa mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, ndipo Waziri Harrison Mwakyembe alipounda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwamo. Nilipousikia mwaka huo, nilikumbuka kiingilio chetu. Hakuna senti iliyotoka Kurui ikafika Tanga.

Banda limekwisha kuanguka sasa, na bibi ametangulia mbele ya haki. Mwaka jana kijana wa dukani alinionyesha Majuto kwenye simu yake, kipande cha dakika mbili hivi, kimekatwa mwanzo na mwisho, hakina jina. Nikamuuliza huyu ni nani.

"Si yule mzee," akasema, akaanza kucheka kabla ya mzee kusema lolote.