Pasiansi kwa Miguu: Bango Lionekane au Watoto Wafike?

Msomaji wangu, wiki hii nipo Pasiansi, Mwanza. Majirani huku wanaandaa matembezi ya kuchangia madawati na wamezozana kweli kweli: tupite wapi?

Vijana wanataka barabara kuu iendayo uwanja wa ndege, waifuate kuelekea mjini hadi CCM Kirumba. Eti bango lionekane. Litaonekana na nani? Na dereva wa daladala anayegombea abiria? Hata pale Furahisha, mbele ya Kirumba, ilibidi lijengwe daraja la waenda kwa miguu, likazinduliwa 2017. Pasiansi kuna chuo cha askari wa wanyamapori tangu 1966. Wanafundishwa kukabili majangili, lakini daladala ya saa 2 asubuhi sijui kama ipo kwenye mtaala!

Bibi mmoja aliuliza swali moja tu kikaoni: “Wajukuu wanne, mikono yangu miwili. Nimwache yupi?” Vijana kimya.

Basi nikaenda kukagua, Jumamosi asubuhi, siku na saa ile ile ya matembezi. Ukikagua Jumatano jioni umejidanganya.

Vichochoro vya mlimani havina magari, ila mawe ndiyo wenye mji. Mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Halafu kuna bodaboda wanaozima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta. Husikii kitu, unashtukia upepo tu sikioni! Mzee mwenye fimbo ataruka vipi?

Nikageukia njia za upande wa Bwiru, ziwa likiwa mbele. Hapa roho ilitulia. Magari machache, mwendo mnaongea, watu wanakuitikia “mwangaluka” toka barazani. Ubaya wake ni kwamba mtoto akiyaona maji anataka kuchovya miguu, na maji ya kando ya ziwa hili yana kichocho. Kwa hiyo tugeuze kabla ya ufukwe, na soda wapewe hapo hapo pa kugeuzia. Mtoto hufuata soda, bwana.

Kamati imekubali, kwa shingo upande. Tunaondoka saa 1 kamili, maana kabla ya hapo mwanga haujakaa sawa, na saa 3 jua la huku si la kuchezea. Mzee wa fimbo atatangulia, spidi yake ndiyo ya wote. Tutashika upande wa kulia, tuyaone magari yanayokuja. Barua kwa polisi wa wilaya inatakiwa ifike saa 48 kabla, na katibu tayari ameipeleka. Bango litafungwa pale tutakapoanzia.

Limebaki shimo moja la mtaro, hatua chache kabla ya pa kugeuzia. Halina mfuniko. Fundi ameahidi mbao. Ijumaa jioni napita kuangalia mwenyewe, maana ahadi za mafundi mnazijua.